Kocha wa shule na kocha wa akademi wakimvuta mtoto huku na huku

Wazazi wa Arusha, UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikikaribia ndo vurugu zinaanza, mwalimu wa michezo anataka kipa wako apige mpira mrefu, kocha wa akademi anataka aanze na pasi fupi kwa beki, dogo anabaki ameganda na mpira mguuni. Usimtume yeye akawapatanishe, sio kazi yake kabisa! Mfuate mwalimu mwenyewe baada ya mazoezi, sio mbele ya watoto, muulize, "Mwalimu, shikamoo, kwenye mechi zako unataka afanye nini?" Akishajibu mpigie kocha wa akademi umwambie hivyohivyo bila kuongeza chumvi. Mechi ya shule anamsikiliza mwalimu, basi. Na akishafanya mazoezi shuleni jioni asipelekwe tena akademi siku hiyohiyo, goti likiuma mpumzishe hata kama mmeshalipia mwezi mzima.