Jinsi ya Kupanga Safari ya Kwenda Kutazama Mbio za Saa 24 za Le Mans

Mbio za Saa 24 za Le Mans, zinazoandaliwa na Automobile Club de l'Ouest katika mji wa Le Mans, magharibi mwa Ufaransa, zilianza mwaka 1923. Kwa kawaida hufanyika katikati ya Juni, zikianza saa kumi jioni siku ya Jumamosi na kumalizika saa kumi jioni siku ya Jumapili. Katika miaka ya karibuni magari 62 yamekuwa yakishiriki, kila moja likiendeshwa kwa zamu na madereva watatu, kwenye mzunguko wenye urefu wa kilomita 13.626 ambao sehemu yake kubwa ni barabara za umma zinazofungwa kwa ajili ya mashindano. Msomaji aliyezoea Safari Rally atakuta utazamaji wa aina nyingine kabisa: gari halipiti mara moja na kuacha vumbi, bali magari ya daraja la juu hurudi mbele yako kila baada ya dakika tatu na nusu hivi, mchana na usiku. Kwa hiyo swali kuu katika kupanga safari hii ni wapi utakuwa saa nane ya usiku wa Jumamosi, na kama utakuwa na nguvu za kusimama hapo. Mipango mingine yote ifuate jibu la swali hilo.

Tiketi kwanza

Tiketi za mbio za Juni huanza kuuzwa katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, na kwa miaka ya hivi karibuni zimekuwa zikiisha mapema sana, kwani watazamaji zaidi ya 300,000 hukusanyika Le Mans wiki hiyo. Nunua kwenye tovuti rasmi ya waandaaji, na usikubali kununua kwa mtu usiyemjua eti kwa sababu bei yake ni nafuu. Tiketi ya msingi, inayoitwa Enceinte Générale, hukuruhusu kuingia na kutembea katika maeneo ya wazi ya watazamaji. Kiti kwenye jukwaa hulipiwa zaidi.

Wengi wanaokwenda kwa mara ya kwanza hudhani kwamba bila jukwaa hawataona kitu. Sikubaliani nao. Jukwaa lililo mbele ya vituo vya kujazia mafuta na kubadilishia matairi lina thamani kubwa wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza, lakini kwa saa nyingi zilizo katikati mtazamaji anayetembea huona mengi kuliko aliyeketi. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, ni busara zaidi kutumia fedha hizo kulala karibu na uwanja. Anayesafiri na mzazi mzee, au yeyote asiyeweza kusimama muda mrefu, achukue jukwaa bila kusita.

Viza na nyaraka

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na anayeishi Muscat au Dubai kwa kibali cha ukaazi huwasilisha maombi yake huko anakoishi. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya serikali ya Ufaransa iitwayo France-Visas, kisha mwombaji hupanga siku ya kupeleka nyaraka na kuchukuliwa alama za vidole. Sheria inaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku kumi na tano kabla ndiyo mwisho. Lakini nafasi za miadi huwa chache majira ya joto yanapokaribia, kwa hiyo anayelenga mbio za Juni aombe Februari au Machi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uendelee kwa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Kuhusu fedha, Ufaransa hutaka uthibitisho wa euro 65 kwa siku kwa mgeni aliyeweka nafasi hotelini, na euro 120 kwa siku kwa asiye na nafasi hiyo. Jambo hili linamgusa hasa anayetaka kulala kwenye hema: ambatisha risiti ya kambi pamoja na tiketi ya mbio, na kama huna hakika kwamba risiti hiyo itatosha, weka pia nafasi ya hoteli ya Paris kwa usiku wa kwanza na wa mwisho, katika hoteli inayokubali kufuta bila gharama. Andika barua fupi inayoeleza mbio ni nini, zinaanza lini na wewe unarudi lini kazini; afisa anayesoma maombi mengi hurahisishiwa kazi pale tarehe za ndege, malazi, tiketi na likizo zinapokubaliana zote.

Kufika Le Mans

Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, na kutoka miji mingine ya Afrika Mashariki njia nyingi hupitia Ghuba, Addis Ababa au Istanbul. Ndani ya uwanja wenyewe kuna stesheni yenye treni za mwendokasi, baadhi zikienda moja kwa moja hadi Le Mans. Usipoipata inayokufaa, nenda stesheni ya Montparnasse mjini Paris, ambako safari ya Le Mans huchukua takriban saa moja. Nauli za treni hizi hupanda kadiri siku zinavyosogea, hivyo kata tiketi mara tu mauzo yanapofunguliwa. Kutoka stesheni ya Le Mans, tramu ya T1 inayoelekea Antarès hukushusha karibu na uwanja, na ndiyo maana mgeni asiye na gari hana sababu ya kukodi la kwake kwa siku za mbio, wakati barabara zinapojaa na nyingine kufungwa.

Vyumba vya hoteli mjini hujaa mapema na bei zake hupanda mara kadhaa. Angers na Tours ni miji ya jirani iliyounganishwa kwa treni, lakini anayelala huko huongozwa na ratiba ya treni ya mwisho, na treni ya mwisho humwondolea usiku ambao ndio aliousafiria. Kambi za uwanjani, kama Maison Blanche, Houx na Tertre Rouge, ndizo makao halisi ya watazamaji, na nafasi zake huuzwa pamoja na tiketi. Anayekuja kwa ndege bila hema anaweza kulipia hema lililokwisha kusimikwa, lenye godoro na mablanketi. Ni ghali, ila bado unaamka ukisikia injini.

Juma la mbio

Fika Jumatano ukiweza. Jumatano na Alhamisi kuna mazoezi na mbio za kupanga nafasi za kuanzia, pamoja na mazoezi ya gizani, na umati bado haujawa mkubwa. Ijumaa magari ya mbio kuu hupumzika: watazamaji huruhusiwa kutembea mbele ya vituo vya timu na kuwaona mafundi wakifanya kazi kwa ukaribu, na jioni madereva hupitishwa katikati ya mji kwa msafara. Siku hiyo pia inafaa kwa kutembelea makumbusho ya magari yaliyopo kwenye lango kuu la uwanja, na mji mkongwe wenye kanisa kuu la Saint-Julien na ukuta wa enzi za Warumi.

Jifunze madaraja matatu kabla ya Jumamosi, kwani asiyeyajua huona magari mengi tu yakipitana. Hypercar ndilo daraja linalotafuta ushindi wa jumla, ambao Ferrari iliupata mwaka 2023, 2024 na 2025 baada ya Toyota kutawala kuanzia 2018 hadi 2022. LMP2 hutumia magari yanayofanana mno, hivyo tofauti hubaki kwa dereva na timu. LMGT3 ni magari yenye sura ya yale yanayouzwa madukani, na vita vyake mara nyingi huwa vikali kuliko vya mbele. Beba redio ndogo au simu yenye redio ili usikilize Radio Le Mans kwenye masafa ya 91.2 FM, inayotangaza kwa Kiingereza. Mtandao wa simu huelemewa na umati, na bila mtangazaji hutajua nani anaongoza baada ya saa ya tatu.

Usiku wenyewe

Ratiba huandikwa kwa mtindo wa 16h00, kwa hiyo ziandike upya kwa saa zetu, ukikumbuka kwamba Ufaransa mwezi Juni iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Jua huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, jambo ambalo Mwislamu atalizingatia pia katika kupanga Magharibi, Isha na Alfajiri. Lala kwa muda wa saa mbili au tatu mwanzoni mwa jioni ya Jumamosi. Ni vigumu kujilazimisha kulala wakati mbio zimepamba moto, lakini anayekataa kupumzika huishiwa nguvu saa saba usiku, wakati mzuri ndio unaanza.

Giza likiingia, panda basi la watazamaji uende Arnage. Kona hiyo ndiyo ya polepole kuliko zote, na hapo utaona diski za breki zikiwaka nyekundu kwa joto, na ndimi za moto zikitoka kwenye mabomba ya moshi. Rudi kabla ya mapambazuko usimame Tertre Rouge, ambako magari hutoka kwa kasi kuingia kwenye mnyooko wa Hunaudières, wenye urefu wa karibu kilomita sita na uliokatwa kwa vipindo viwili mwaka 1990 ili kupunguza kasi. Chukua koti la mvua, sweta nzito, viatu vya kufunga, tochi na vizibo vya masikio, hasa kwa watoto. Baridi ya usiku wa Juni hapa humshtua mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Chukua pia adapta, maana plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi za Ufaransa. Kuhusu chakula, rillettes, kitoweo maarufu cha Le Mans, hutengenezwa kwa nguruwe. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kununua mkate uliojazwa, au anunue mahitaji yake mjini Ijumaa.

Mbio zikimalizika, malango hufunguliwa na umati huingia barabarani kuelekea chini ya jukwaa la washindi. Usikate ndege ya Jumapili usiku, kwa sababu kutoka uwanjani pekee huweza kuchukua saa kadhaa na treni huwa zimejaa. Lala tena, na Jumatatu, ikiwa una leseni ya kimataifa na umekodi gari, pita D338, barabara ya kawaida ambayo ndiyo Hunaudières yenyewe, kwa mwendo unaoruhusiwa na sheria. Omba viza inayofika angalau Jumatano inayofuata, ili treni au ndege ikichelewa usivuke tarehe ya mwisho ya ruhusa yako.