Kabla Hujachagua Kiatu cha Mbio za Milimani

Mtu akiniomba ushauri wa kiatu cha mbio za milimani, huanza kwa kumuuliza: utakanyaga nini? Wengi hukwama hapo. Kiatu alichovaa mshindi wa mwaka jana wanakijua, lakini ardhi watakayoikimbilia hawajaiwaza. Kwa hiyo tafuta ramani ya njia, tazama picha zake, zungumza na aliyewahi kupita, kisha zigawe kilomita: ngapi ni njia ngumu iliyokanyagwa, ngapi ni mawe, ngapi ni tope, na mteremko mkali uko wapi. Mita mia tano za tope katika njia kavu ya kilomita thelathini unaweza kuzitembea taratibu. Tope likichukua theluthi ya njia, hapo ndipo linapokuchagulia kiatu.

Ukishajua hayo, geuza kiatu utazame soli. Meno ya milimita tatu hivi yanatosha njia ngumu na kavu. Ardhi ya mchanganyiko, yenye mizizi, changarawe na udongo mlaini, inataka milimita nne au tano. Tope la kweli linataka sita hadi nane. Ila urefu peke yake haukuambii kila kitu. Pitisha ncha ya kidole kati ya jino na jino. Kikipita kwa nafasi, tope litapata pa kudondokea. Meno yaliyobanana hujaa udongo, na baada ya hatua chache unateleza kama aliyevaa soli isiyo na meno kabisa. Na usidhani meno marefu yanafaa kila mahali: juu ya mwamba mgumu yanapinda, yanalika haraka, na raba inayogusa jiwe inakuwa kidogo.

Kwenye mwamba wenye maji, kinachokushikilia hasa ni ulaini wa raba. Raba laini hunata, lakini huisha upesi. Kama mbio zako zina majabali yenye unyevu, ikubali hasara hiyo, maana kuanguka kwenye jiwe si jambo dogo. Kwa mawe yenye ncha, ingiza mkono mmoja ndani ya kiatu, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili bonyeza soli kwa nguvu kutoka chini. Ukikisikia kidole hicho waziwazi, kila jiwe utalisikia vilevile. Viatu vingine huwa na bamba jembamba ndani ya soli kwa kazi hiyo, vingine hutegemea unene wa sponji. Sponji nene huupumzisha mguu katika safari ndefu, lakini inakuinua mbali na ardhi, na ukikimbia ubavuni mwa mlima kifundo cha mguu huyumba kwa urahisi zaidi.

Sasa umbali, na hapa nina la kusema, kwa sababu mimi mwenyewe niliumia. Mbio zangu za kwanza za kilomita 50 nilizikimbia na kiatu nilichokipenda sana, kilichonibana vizuri katika mbio za kilomita 15. Baada ya kilomita thelathini miguu ilikuwa imevimba, na kila mteremko ulikuwa unazigonga kucha kwenye ncha ya kiatu. Nilipovua soksi, kucha mbili zilikuwa nyeusi, na baadaye ziling'oka zote. Kiatu cha mbio fupi kinaruhusiwa kuwa chepesi na kukumbatia mguu. Cha mbio ndefu lazima kiuachie mguu pa kupanukia. Fikiria UTMB, mbio za kuzunguka mlima Mont Blanc huko Ulaya: kilomita 170 hivi, mpando wa mita 10,000 kwa jumla, na kwa kuwa zinaanza na kuishia mji uleule wa Chamonix, Ufaransa, kila mita iliyopandwa inateremkwa pia.

Kwa hiyo jaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umeshafanya kazi ya siku nzima, na uvae soksi zilezile za mbio. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (wengine ni cha pili, si gumba) ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisha simama kwenye mteremko, vidole vikielekea chini, urukeruke kidogo. Vikigusa mbele, usijifariji kwamba kiatu kitalegea. Kama urefu unatosha lakini kisigino kinapanda na kushuka, tumia lile tundu la juu kabisa ambalo wengi hawaligusi: pitisha kamba ifanye kitanzi kila upande, penyeza kila ncha katika kitanzi cha upande wa pili, halafu vuta.

Kiatu kisichopitisha maji huvutia machoni, nami sikipendekezi panapovukwa mito. Maji huingilia juu, penye kifundo, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kitambaa chenye matundu huloa mara moja, lakini hatua zako zenyewe huyakamua maji. Katika majani yenye umande au baridi kali ni habari nyingine.

Angalia pia tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole, ambayo huanzia sifuri hadi milimita 12 hivi. Aliyezoea kumi akihamia sifuri ghafla, shavu la mguu na kano ya kisigino ndivyo vinavyoumia. Hama kwa wiki kadhaa, kwa mbio fupifupi.

Kiatu kipya kisiione njia kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Kipeleke kwanza kwenye mbio ndefu ya mazoezi, juu ya ardhi inayofanana na ile inayokusubiri, na kilowanishe makusudi, kwa kuwa mishono inayochubua ngozi mara nyingi hujionyesha mguu ukiwa umeloa. Ukirudi, vua soksi ukague palipo wekundu: nyuma ya kisigino, pembeni mwa kidole kidogo, chini ya upinde wa unyayo. Wekundu ukibaki palepale baada ya mbio ya pili, badili soksi kwanza. Usipokwisha, badili kiatu.