Jinsi ya Kumweleza Mtu Maana ya Ufufuko wa Kristo

Nafundisha darasa la wanaojiandaa kubatizwa, na somo hili huwa siliharakishi. Wengi hufika wakijua kwamba Yesu alifufuka. Ukiwauliza kufufuka kwake kunawahusu nini wao, kimya.

Usianzie kaburini. Anzia 1 Wakorintho 15, barua iliyoandikwa miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba. Paulo anakabidhi alichopokea: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa bado hai. Someni taratibu hadi mstari wa 17: kama Kristo hakufufuka, bado mmo katika dhambi zenu. Hapo simama, umuulize mwenzako: kwani msalaba haukutosha? Mwache ahangaike nalo kidogo, kisha mfungue Warumi 4:25, alifufuliwa ili tuhesabiwe haki. Watu walimhukumu Yesu kama mhalifu. Kwa kumfufua, Baba aliitangua hukumu hiyo, na walio wake wanasimama ndani ya haki yake.

Sasa nendeni makaburini, na yawe mawili. Katika Yohana 11 Lazaro anatoka amefungwa sanda miguu na mikono, leso usoni, hata inabidi watu wamfungue. Katika Yohana 20 sanda ya Yesu imebaki pale pale, na leso ya kichwani imezongwa mahali pake peke yake. Usiwaeleze, waache wasome sura zote mbili, na mara nyingi kuna mmoja atakayeona. Lazaro alirudishiwa maisha haya haya, na kufa angekufa tena. Kristo hafi tena. Mwili ni ule ule, wenye alama za misumari, na alikula samaki mbele yao, ila mauti haimtawali tena.

Atatokea wa kusema kwamba iliyofufuka ni roho yake tu. Hapo usilegeze hata kidogo. Kaburi lilikuwa tupu, maana yake Mungu hakuutupa mwili aliouumba, wala wako hatautupa.

Ndipo mrudi 1 Wakorintho 15, mstari wa 20, Kristo limbuko lao waliolala, yaani waliokufa. Mganda wa kwanza uliopelekwa kwa kuhani, kama Walawi 23 inavyoagiza, ulitoka shamba lile lile ambalo mavuno yake yalikuwa bado yamesimama. Yeye kwanza, kisha walio wake atakapokuja. Kupaa na Pentekoste nawawekea siku nyingine.

Kama unayemfundisha ana msiba, usimkimbize kwenye furaha. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro, hali akijua atamwita atoke. Msomee 1 Wathesalonike 4:13-14. Paulo hawakatazi waumini kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini. Mwache alie, kisha, akiwa tayari, msome naye tena orodha ile ya waliomwona Bwana akiwa hai.