Haleluya ya Handel kwa watoto: vipindi vinne vya dakika 30

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 7 hadi 12, wasiozidi 24. Andaa rekodi kwenye simu, spika na kinanda kidogo. Usianze na wasifu wa mtunzi. Ukitanguliza mwaka wa kuzaliwa kabla ya muziki, macho yote yatahamia dirishani.

Kipindi cha 1: masikio. Wimbo una takriban dakika 4. Upige mara mbili, kila mara kwa kazi moja. Kwanza wanyooshe mkono pale kwaya nzima inapoimba sauti moja: "Kwa kuwa Bwana, Mungu wetu, Mwenyezi, amemiliki." Mara ya pili wasimame pale muziki unaponyamaza ghafla, karibu na mwisho. Ndipo uwaambie: Handel, Mjerumani wa Halle aliyehamia London, aliandika Messiah, utungo mrefu wa kwaya na okestra, wote kwa siku 24 mwaka 1741, na Haleluya ni kipande chake tu. Wahesabie siku hizo kwenye kalenda. Fedha za onyesho la kwanza, Dublin, 13 Aprili 1742, zilisaidia kuwatoa wafungwa wa madeni. Hapo pametosha.

Kipindi cha 2: neno lenyewe. Soprano, sauti ya juu kabisa ya kwaya, inaanza do ya juu, so, la, so. Kosa halikawii: sisi tunakaza "lu", kwa hiyo watoto huifupisha "Ha" ili wawahi kuifikia. Handel ameirefusha "Ha" pigo moja na nusu, na "lu" inaangukia pigo la tatu. Wapige paja moja, mbili, tatu, nne wakitamka bila tuni. "Lu" ikitua yenyewe kwenye tatu, rudisha tuni. Kwenye kinanda, do ya asili ni D. Wewe ishushe iwe C.

Kipindi cha 3: Mfalme wa wafalme. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana mtoto asiyejua noti hata moja anaweza kubeba sehemu halisi ya soprano. Kundi A linashikilia so: "Mfalme wa wafalme, na Bwana wa mabwana." Kundi B linajibu kwa haraka "milele na milele, haleluya, haleluya." Kisha A inapanda: do, re, mi, hadi fa.

Matatizo ni mawili. Maneno ya Kiswahili yana silabi nyingi kuliko ya Kiingereza, hivyo noti ndefu hukatwakatwa. Waimbe kwanza "nu" moja ndefu, halafu maneno juu yake. La pili, sauti hushuka pumzi inapopungua. Wavute pumzi kabla ya "na Bwana", nawe gusa noti kwenye kinanda kuhakiki. Wakianza kukaza shingo kwenye fa, ishieni mi.

Kipindi cha 4: kuingia kwa zamu, na ukimya. Handel ameingiza sauti kuanzia ya chini kabisa: besi, tenor, alto, kisha soprano kwenye "naye atamiliki hata milele na milele." Watoto hawana besi, kwa hiyo weka makundi manne kwenye kona nne, wote watamke maneno bila tuni. Kundi likimaliza mstari linaurudia, la pili likiingia. Lililotangulia huelekea kunyamaza ili lisikilize wenzake. Liambie ligeukie ukuta.

Mwisho, ule ukimya. Kila mara kuna mtoto atakayeropoka "Ha!" peke yake. Wafundishe kutazama mkono wako: ukiwa umefumba hakuna sauti, ukifumbuka wanavuta pumzi, ukishuka ndiyo Haleluya ya mwisho, polepole.