Taa ya LED ya Meza ya Kazi Inayopanda na Kushuka, kwa Reli za Alumini

Dada yangu hushona sare za shule karibu na soko la Kibuye, Kisumu, na kwa miaka kadhaa alitegemea balbu moja iliyoning'inia darini, nyuma ya mgongo wake. Kivuli cha kichwa chake kiliiangukia sindano, na uzi wa bluu iliyokolea ulifanana na uzi mweusi hadi nguo ilipotolewa nje asubuhi. Taa ninayoieleza hapa niliijenga kwa ajili ya meza yake ya sentimita 120, nayo hupandishwa, hushushwa na kuzungushwa kwa vidole, bila spana.

Umbo lake ni la goli: nguzo mbili na reli moja ya kulala. Reli zenyewe ni za alumini ya milimita 20 kwa 20, yenye mfuo wa milimita 6 katika kila uso, na ndani ya mfuo huo hukaa nati bapa ya M5 (ya skrubu yenye kipenyo cha milimita 5) inayoteleza ikilegezwa na kung'ang'ania ikikazwa. Utahitaji nguzo mbili za sentimita 60, reli ya kulala ya sentimita 100, bapa la alumini la urefu huo huo lenye upana wa milimita 40 na unene wa 3, kona nne za chuma zenye matundu, na skrubu za M5, nne kati yake zikiwa na masikio ya kukazia kwa vidole.

Kata reli kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, reli ikiwa imebanwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao ili isichubuke, kisha sawazisha ncha kwa tupa na uzipime kwa skwea. Usiharakishe hapa, kwa sababu ncha iliyokatwa upande itaifanya reli ya kulala ikae mshazari na kubana inapozungushwa. Baadaye, kwa chombo cha kukatia hesi (njia ya mzunguko ambamo skrubu hujikaza), kata hesi ya M5 katika tundu lililo katikati ya kila ncha ya reli hiyo, ukitia tone la mafuta na kurudisha chombo nyuma nusu mzunguko kila mara ili vumbi la alumini litoke.

Zipigilie nguzo mezani kwa kona mbili na skrubu za mbao. Kona mbili zilizobaki ndizo zinazoipa taa uwezo wa kusogea: ubavu mmoja wa kona hulala juu ya uso wa mbele wa nguzo na kufungwa kwa skrubu yenye masikio na nati iliyo ndani ya mfuo, na ubavu wa pili hutokeza mbele ili skrubu nyingine yenye masikio ipite ndani yake na kuingia kwenye ncha ya reli ya kulala. Ukilegeza masikio ya nguzoni, reli hupanda au kushuka, na ukilegeza yale ya ncha za reli, reli huzunguka juu ya mhimili wake na mwanga hugeukia unakotaka. Ikiwa nati zako ni zile zinazoingizwa kutoka mwishoni mwa mfuo tu, zitie mapema pamoja na mbili za akiba, la sivyo utafungua kila kitu upya.

Utepe wa LED usiubandike moja kwa moja juu ya reli. Utepe una upana wa milimita 10, na mfuo uko katikati kabisa ya uso, kwa hiyo sehemu kubwa ya mgongo wake ingekaa juu ya uwazi na joto lisingepata pa kwenda. Funga kwanza lile bapa kwenye reli kwa skrubu za mstari wa kati, kisha bandika tepe mbili kandokando yake. Lisugue bapa kwa spiriti hadi kitambaa kibaki cheupe. Mara ya kwanza nilipuuza hatua hii, na baada ya wiki mbili utepe mmoja ulikuwa umening'inia juu ya cherehani.

Chagua utepe wa volti 12 na wati 14.4 kwa mita, wenye rangi ya mwanga ya kelvini 4000 (nyeupe ya wastani) na kiwango cha uaminifu wa rangi (CRI) cha 90 au zaidi. Kiwango hicho ndicho kitakachotenganisha bluu na nyeusi, hata kuliko wingi wa mwanga. Mita mbili hula wati 28.8, yaani ampea 2.4. Adapta ya ampea 3 hutoa wati 36, na mzigo huo ni asilimia 80 yake, kiasi ambacho sipendi kukizidi. Kata utepe pale tu palipochorwa alama, kila baada ya LED tatu, na ziunganishe tepe zote mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mahali pa kulehemu, weka selotepu ya umeme chini ya ncha ya utepe, kwa kuwa shaba iliyokatwa ikigusa alumini huleta shoti.

Tumia adapta iliyofungwa, yenye plagi yake, ili umeme wa volti 240 usifike kamwe kwenye reli. Ile ya sanduku la bati lenye skrubu wazi iachie fundi wa umeme, naye lazima aiunge na waya wa ardhi.

Ukishusha reli kutoka sentimita 60 hadi 30, mwanga mezani huongezeka zaidi ya maradufu, lakini igeuze kidogo ili LED zisikutazame machoni. Wadudu wa ziwani wanapovuma jioni, funga dirisha lililo upande wa taa, na asubuhi uwafute kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa. Umeme ukipotea, betri ya volti 12 itaiwasha taa hii, ila tia fyuzi ya ampea 3 karibu na ncha chanya ya betri, na usiiwashe betri ikiwa inachajiwa, kwa sababu wakati huo hufika volti 14 na zaidi, na utepe huchemka.