Kuzuia fosforasi ya tope la bayogesi isifike Ziwa Victoria

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa mkoani Kagera huamini kwamba samadi ikishapita katika mtambo wa bayogesi imekwisha makali. Harufu hupungua kweli, lakini fosforasi, kirutubisho cha mimea, haipungui, kwa sababu gesi huchukua kaboni, na fosforasi yote iliyoingia na kinyesi hutoka na tope linalobaki. Mvua ikiikokota hadi ziwani, hulisha mwani na magugu maji badala ya migomba.

Kwanza tazama tope humwagwa wapi. Ndoo ni nzito, kwa hiyo migomba iliyo nyuma ya banda hunyweshwa kila siku, ilhali shamba la mbali, kule rweya (mbuga ya nyasi), halijaonja samadi kwa miaka. Udongo hushika fosforasi, ila ukishashiba huiachia maji yanayopita. Pima udongo wa sehemu zote mbili. Ule wa karibu ukionekana umeshiba, usiuongezee tope kwa misimu kadhaa, na naitrojeni itakayopungua itafutie mikunde, kama maharage.

Ili kupunguza mzigo, acha tope litulie bila kulikoroga, kwani sehemu kubwa ya fosforasi imo katika chembe ngumu zinazozama. Mashapo hayo yaanike chini ya paa, kisha yapeleke kwa toroli katika shamba la mbali. Kwa maoni yangu, hatua hii moja ina faida kuliko nyingine zote, ingawa ndiyo inayorukwa zaidi.

Usimwage tope juu ya ardhi. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 10 hadi 15 unaokata mteremko, utie kiasi, ufukie siku hiyo hiyo, kisha urudishie matandazo. Mawingu yakiwa mazito, ahirisha. Na kwa kuwa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, tanki lisilo na paa litafurika lenyewe usiku.

Chini ya shamba panda ukanda wa matete, na ukumbuke kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, kinga maji yanayotoka shambani kwa chupa isiyo na rangi. Yakiwa kama chai ya rangi, huenda tope halikufukiwa vizuri. Yakiwa mekundu, udongo wenyewe unaondoka, na tuta lako la kuzuia maji linahitaji kuinuliwa.