Kujua Thamani Yako kwa Mungu Ukiwa Nairobi

Swali la "siku hizi unafanya kazi wapi?" linauma kwa sababu kazi imegeuka kuwa jina lako. Anza asubuhi kabla ya kuwasha data: dakika 10, mstari mmoja tu wa Biblia, wiki nzima. Mathayo 3:17 unafaa sana. Yesu anaitwa Mwana mpendwa kabla hajaanza kuhubiri wala kuponya. Upendo ulitangulia kazi. Wiki ya pili soma Waefeso 2:8-10, na usiruke wa 10: matendo mema yapo, ila yanafuata neema.

Kisha andika kwenye daftari kilichokufanya ujione mdogo jana: gari la jirani, picha za harusi kwenye status, mchango wa chama uliochelewa. Kando yake andika ulichoamini kujihusu. Soma vyote kwa sauti ukiomba.

Wengi hukwama hapa: wanahamishia mashindano kanisani, sasa wanahesabu sadaka na vyeo vya kamati. Jitolee mahali pasipoonekana, kama kupanga viti kabla ya ibada ya kwanza, bila kupiga picha (hilo la picha ndilo gumu). Kodi ikikushinda, mwambie kiongozi wa kikundi chenu cha maombi mapema, kabla landilodi hajafunga mlango.